Sauti ya Pili

Nilikuwa nachagua vitunguu katika soko la Mutakura nilipogundua kwamba nimeisahau sauti ya mke wangu.

Si maneno yake. Maneno nilikuwa nayo yote. Nilimkumbuka akimwambia muuzaji kwamba vitunguu hivi ni vya kumpa sungura, nikakumbuka alivyokuwa akiokota kimoja, akakinusa, akakirudisha kwa dharau. Nikataka kumsikia akisema. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Nilisimama pale na kitunguu mkononi hadi mwenye meza akaniuliza kama nanunua au nasoma dua. Nikanunua vibovu bila kubishana, nikarudi nyumbani na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Caritas alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Watu walikuja, wakakaa, wakala, kisha wakapungua. Ndugu yangu Moosa alinishauri nioe tena, kwa sauti ile ile anayotumia kunishauri nibadilishe matairi ya gari. Nilimwambia asirudi hadi apate ushauri mwingine, na yeye, mtu mwenye heshima zake, hakurudi. Nikabaki na nyumba ambayo kila chumba chake kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokizoea.

Chumba kimoja tu ndicho hakikubadilika, kile cha meza yangu ya umeme. Ufundi si kazi yangu. Mchana nauza makufuli, misumari na mabomba katika kenkayeri ya familia, duka la vifaa vya ujenzi huko mjini Bujumbura, ambako wateja wananiita Patron, au Mwarabu wakidhani sisikii. Ufundi ni ugonjwa wangu wa jioni. Nina chuma cha kulehemu, nina redio sita zilizofunguliwa matumbo, nina osiloskopu ya zamani, kile kioo kinachochora umeme kwa mstari wa kijani, niliyoipata kwa watu wa mradi fulani walipofungasha virago vyao. Na nina mita.

Mita yangu ina kengele. Ukigusa waya huku na huku kwa ncha zake mbili, waya ukiwa mzima inalia, tiii. Waya ukiwa umekatika ndani, kimya. Sijui kitu kingine katika mji huu kinachokupa jibu la moja kwa moja namna hiyo. Tangu nibaki peke yangu nilikuwa nakaa pale jioni nikipima waya ninazojua kabisa kuwa ni nzima, ili tu kiwepo kitu ndani ya nyumba cha kunijibu. Ni upweke, najua. Sina haja ya kuambiwa.

Utaniuliza: mtu wa siku hizi anapotezaje sauti ya mkewe, na simu zimejaa kila mfuko? Anapoteza vizuri sana. Mtu mnayelala kitanda kimoja humtumii ujumbe wa sauti, unamwita tu. Kwenye video za harusi za watu Caritas alikuwa akijificha nyuma ya wenye vilemba vikubwa. Nilikwenda parokiani kwake, mimi mtoto wa msikitini, nikamtafuta Armel anayeongoza kwaya. Caritas alikuwa anaimba sauti ya pili, ile ya wanawake wenye sauti ya chini. Armel alinipa misa ya Pasaka nzima kwenye kijiti cha kompyuta, ile flashi, akaniambia ameombea roho yake.

Nikaiunganisha misa ile na osiloskopu. Kwaya nzima ikawa mstari mmoja wa kijani unaotetemeka. Mke wangu alikuwa humo ndani ya mstari, nami sikuweza kumtoa. Nilikata sauti za juu, nikakata za chini, nikageuza kila kitufe ninachokijua na viwili nisivyovijua. Mwishoni nilimpata mwanaume mmoja wa sauti ya nne mwenye mafua. Nilizima kila kitu, nikalia, na sioni aibu kusema.

Ikabaki simu yake.

Siku tuliyompeleka hospitali mvua ilitunyeshea njia nzima, na mkoba wake ulilowa. Simu ilikufa kabla yake. Niliitia kwenye droo pamoja na rozari yake na sikuigusa tena, kwa sababu kitu ambacho hujakipima bado kina nafasi ya kuwa kizima. Sasa nilikuwa sina njia nyingine. Kama sauti yake ilikuwa mahali popote duniani, ilikuwa humo, labda ujumbe aliomtumia mtu, labda salamu kwa mtoto wa jirani. Nilihitaji hata sentensi moja ya kuagiza sabuni.

Niliifungua, nikaipima. Kati ya njia kuu ya umeme na ardhi, mahali ambapo kengele ya mita haitakiwi kulia kamwe, ililia. Maana yake kulikuwa na kitu kimeungua ndani, kinakunywa umeme wote kabla haujafika popote. Lakini kipi? Kwenye ubao wa simu kuna vidude vingi kama mchanga, na macho yangu si ya jana.

Kuna kundi moja la WhatsApp la watu wa ugonjwa wangu, wa Bujumbura, Uvira na Kigoma, wanaopiga picha vitu vilivyoungua na kubishana. Nikatuma picha ya ubao, nikaeleza. Sijamaliza kueleza kwamba simu ina mot de passe, neno la siri nisilolijua, mmoja akaandika: simu ya nani hiyo? Mwingine: leta facture, risiti ya dukani. Wa tatu akasema siku hizi wezi wana heshima, wanaomba msaada hadharani. Nikawajibu kwa maneno ambayo marehemu baba yangu hakunifundisha, na msimamizi akanitoa kwenye kundi.

Jioni ile ile ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yangu, wa mtu wa kundi lile, wa Uvira, aitwaye Byamungu. Hatujawahi kuonana hadi leo.

"Muzee Hilali, usikasirike. Batu banaombaka facture juu simu mingi ni za wizi, na batu banateseka. Mi nimekuaminia, juu mwizi apana kuweka picha ya rozari pembeni ya simu. Sikia sasa. Tia voltage kidogo sana, pakaa alkoli juu ya ubao wote, halafu uangalie fasi gani inakauka ya kwanza. Fasi ile ndjo iko mugonjwa."

Niliangalia tena picha yangu. Kweli, ushanga wa rozari ulikuwa umeingia pembeni.

Nilifanya alivyosema. Nilipaka spiriti kwa brashi ya rangi ya kucha, ya Caritas, nikafungulia umeme mdogo, nikainama na miwani miwili. Ubao mzima uling'aa kwa unyevu. Kisha mahali pamoja, karibu na kona, pakakauka ghafla, duara dogo, kana kwamba mtu amepapuliza. Hapo kulikuwa na kapasita ndogo kuliko punje ya sukari. Niliing'oa kwa chuma cha moto huku nimeshika pumzi. Nikapima tena. Kimya. Sijawahi kuufurahia ukimya wa mita kiasi hicho.

Nikatia betri mpya. Simu ikatetemeka mkononi mwangu, ikawaka, ikaniomba mot de passe.

"Sasa niitoe ile chip ya kumbukumbu niisome pembeni?" nilimuuliza Byamungu.

"Apana, muzee. Simu za sasa vyote vya ndani vimevurugwa. Mot de passe ndjo inavipanga. Utatosha chip inje, utasoma, utakuta bunga tupu, hakuna mukate." Akaongeza: "Na angaliya vizuri. Kuna ile kitu ya kufuta. Ukikosea mara mingi, simu inajifuta yenyewe. Kama bibi hakuiwasha, uko na bahati."

"Iliwashwa," nilisema.

"Nani aliiwasha?"

"Mimi."

Byamungu hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

Niliiwasha mimi, ndiyo. Wakati ule wezi wa simu walikuwa wamezidi, nami, fundi wa nyumba, nilimkalisha Caritas mezani nikamhutubia. Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Usiweke jina la mtu wa nyumbani, wezi wanaanzia hapo. Weka neno, tena neno ambalo mtu hawezi kulibahatisha. Alinisikiliza huku akimenya maharage, akakubali kila kitu, akafuta mikono, akanigeuzia mgongo, akaandika.

"Nimemariza," alisema.

"Neno gani?"

"We unarijua sana. Rakini auwezi kuriandika hata siku moja." Akacheka hadi akashika meza.

Lazima niseme kwamba Caritas alikuwa mtu wa mkoa wa Ngozi, huko kaskazini, na kwake l na r ni herufi moja iliyovaa nguo mbili. Akiniita mezani alisema "njoo kura", nami nilimuuliza tunamchagua nani leo. Akitaka kupumzika alisema "naenda kurara". Mimi nilirithi Kiswahili cha baba aliyekirithi kwa baba yake, na kila herufi nyumbani kwetu ilikuwa na kiti chake. Nilimcheka kwa Kiswahili chake, naye akanicheka kwa Kirundi changu, ambacho aliwahi kusema kinafanana na mtu anayeshuka ngazi gizani. Tulikuwa hatudaiani.

Kwa hiyo nilipokumbuka maneno yake, auwezi kuriandika, nilijua mara moja: neno la Kirundi. Refu, lenye kona, la kunichoma kwenye udhaifu wangu. Ndivyo alivyo.

Lakini sikuanzia hapo. Nilianza na jina langu. Msinicheke. Nilijua nilimkataza majina ya nyumbani, ila mtu akibaki peke yake anakuwa na tamaa. Niliandika hilali, kwa herufi ndogo kama alivyozoea kuandika kila kitu, na nilikuwa na hakika kabisa. Simu ikakataa. Nilihisi aibu ya mtu aliyesimama kupokea zawadi, kumbe ameitwa wa nyuma yake. Hata mwizi angeanza na jina langu, nilijiambia, kwa hiyo alinitii tu. Haikusaidia. Iliniuma.

Kisha nikajaribu maneno ya Kirundi. Niliandika neno la kupenda. Nikaandika jina la kilima chao. Nikaandika neno la mvua, kwa sababu alipenda mvua, na la maharage, kwa sababu alikuwa akiyamenya. Simu ikakataa moja baada ya jingine bila hata kubadilisha sura. Sikuwa nahesabu. Nilikuwa kama mtu anayegonga mlango akijua yumo mtu ndani.

Siku moja, badala ya kukataa tu, iliandika kwa Kifaransa kwamba nimebakiza jaribio moja, na baada ya hapo vyote vitafutwa.

Niliiweka mezani taratibu. Nilirudi nyuma hadi nikagusa ukuta. Nikampigia Byamungu, nikamwambia, akasema, "Uiache, muzee. Uiache kabisa. Usiiguse na hasira." Nikaitia kwenye droo, nikageuza ufunguo, na ufunguo nikautupa ndani ya kopo la misumari ili nikitaka kuutafuta nichoke. Kisha nikarudi kwenye waya zangu nzima na kengele yangu.

Zilipita wiki nyingi. Nilikwenda dukani, niliuza makufuli, nilirudi. Waya wa chaji nilikuwa nimeuacha umechomekwa, umetokeza kwenye upenyo wa droo, nikawa naichaji ile simu mara moja moja bila kuitazama usoni. Jaribio moja lilikuwa bora kuliko bure, maana lilikuwa halijatumika. Lakini nilianza kusahau na mengine. Nilisahau alikuwa anakohoaje. Nilisahau alikuwa anacheka kwa kuanzia juu au kwa kuanzia chini, na nilikaa kitandani nikijaribu kucheka namna zote mbili, mzee mzima, nisione ipi ni yake.

Ndipo Jumapili moja mchana, baada ya chakula nilichokula wima, mtu akapiga geti.

Nilikuwa mezani na ncha za mita mkononi. Sikuwa na mgeni ninayemngoja, kwa hiyo sikuinuka. Geti likapigwa tena, na sauti ya mwanamke ikaita:

"Hirari! Hirari we! Si uko mu nyumba?"

Ncha zikaniponyoka. Nilisimama. Sitaficha: kwa muda wa pumzi moja nilidhani ni Caritas, na miguu yangu ilidhani hivyo kwa muda mrefu zaidi, maana nilikuta nimeshafika uani. Haikuwa sauti yake. Sauti hii ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Lakini jina lilikuwa lake. Tangu mazishi hakuna mtu aliyeniita hivyo. Patron, ndiyo. Mwarabu, ndiyo. Muzee Hilali, kwa mtu wa Uvira. Hirari alikuwa ameondoka naye, na mimi sikuona hata pengo pale alipokuwa amesimama.

Nilifungua geti. Alikuwa Spéciose, dada yake Caritas wa kwanza kuzaliwa, anayekaa Gasenyi. Tulikuwa hatujasemezana tangu siku ya mazishi kwa sababu ya viti: yeye alisema viti vya waombolezaji nilivyoleta ni vya baa, mimi nikasema aliyevileta ni binamu yake, na mambo yakaharibika kuanzia hapo. Alikuwa amevaa imvutano yake ya heshima, lile vazi la wanawake wa Kirundi, na usoni alikuwa ameshaiandaa hotuba.

"Shemeji, mi sikuja kwa ugomvi. Nimekuja juu ya levée de deuil. Mwaka unaenda kutimia, na famiri inauriza siku gani tutafunga kirio..."

"Sema tena," nilimkatiza.

"Niseme nini?"

"Jina langu. Liseme."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mana yanje, Mungu wangu. Hirari, uko muzima?"

"Caritas alikuwa akiliandikaje?"

"Shemeji, nipe hata kiti kwanza."

"Spéciose, nakuomba. Akiliandika jina langu, alikuwa anaandikaje?"

Nadhani aliona kwenye uso wangu kwamba hili halikuwa wazimu wa kawaida, maana aliacha hotuba yake. Akatoa simu mkobani, akatafuta kwa kidole kimoja, akaigeuza kwangu. Palikuwa na namba yangu, na juu yake pameandikwa: hirari wa karitasi.

"Ni yeye aliniwekea," alisema. "Siku aliponinunuria téléphone. Nikamwambia, we mutoto, mume wako apana kuandikwa hivyo. Akasema, Hirari ni wangu, ire ingine ya baba yake ni ya kwao."

Nilimwacha getini. Sijivunii. Mgeni, mkubwa wa marehemu, nilimwacha amesimama juani na nikakimbilia kwenye kopo la misumari. Nilimwaga misumari yote sakafuni. Spéciose akanifuata akisema kwa Kirundi maneno ambayo, kwa bahati, Kirundi changu hakiyafikii.

Unalijua sana, lakini huwezi kuliandika hata siku moja. Basi nililiandika vizuri, mara ya kwanza kabisa, na kwa kuliandika vizuri nililikosea.

Nilieleza kwa haraka, simu ikiwa mkononi. Spéciose aliketi kwenye kiti cha meza yangu bila kukaribishwa.

"Jaribio rimebaki moja?" aliuliza.

"Moja."

"Na ikikataa?"

"Inafuta vyote. Na sauti yake, kama imo."

Alifanya ishara ya msalaba. Mimi nikasema bismillahi. Nikaanza: h, i. Na hapo kidole changu, chenyewe, bila kuniuliza, kikaenda kwenye l. Kikaigusa. Nikaona kinukta kimeongezeka kwenye kioo. Miaka yote ile baba alinipiga rula ya vidole ili l iwe l, na vidole vilikuwa havijasahau.

"Futa," Spéciose alisema kwa sauti ya chini. "Futa, uandike r. Poree."

Nikafuta. Nikaandika r, nikaandika a, nikaandika r nyingine, nikaandika i. Jina langu lilikuwa limejificha nyuma ya vinukta, na mimi kwa mara ya kwanza nililiandika kama nilivyoitwa. Nikabonyeza.

Simu ikafunguka. Ilikuwa na picha ya Bikira Maria wa kalenda ya parokia, na alama za betri na mtandao, na saa, kama simu yoyote ya mtu yeyote aliyetoka kidogo na anarudi.

Spéciose alianza kulia palepale. Mimi sikuwa na nafasi. Nilitafuta ujumbe wa sauti, hapakuwa na hata mmoja. Palikuwa na matangazo ya vifurushi, palikuwa na taarifa za mazoezi ya kwaya, picha za sufuria alizotaka nimnunulie. Kisha nikaona kile kialama cha kipaza sauti, dictaphone ya kurekodia, ambacho sikujua kama aliwahi kukigusa. Ndani yake palikuwa na safu ya sauti alizozirekodi, na ya juu kabisa aliipa jina: sauti ya piri.

Kumbe ndivyo alivyokuwa akijifunza. Alikuwa akiingia chumbani na kufunga mlango, nami nilidhani anaongea na dada zake.

Nikabonyeza, nikaiweka simu katikati ya meza.

Kwanza ilikuja pumzi. Kisha kiti kikasogezwa, akakohoa, na kikohozi kile nilikijua kwa mwili mzima. Kisha akaimba. Niseme ukweli: sauti yenyewe haikuwa ile niliyokuwa naitafuta. Ilikuwa nyembamba zaidi, na changa zaidi, na ilikuwa inaogopa kidogo noti za mwisho. Nilikuwa nimeanza kumtengeneza mwingine kichwani bila kujua. Spéciose aliziba mdomo kwa mkono. "Ni yeye," alisema. "Ni Karitasi."

Sauti ya pili ikiimbwa peke yake haina wimbo. Inashika noti moja muda mrefu, inapanda kidogo, inashuka, inanyamaza kuwangoja wenzake wapite, inaingia tena. Na wenzake hawakuwepo. Alikuwa akiungoja kila ukimya hadi mwisho, akigonga kidole mezani, peke yake na waimbaji anaowasikia yeye tu. Nilikuwa naujua ukimya wa namna hiyo. Nimekaa ndani yake mwaka mzima.

Katika ukimya mmoja wa namna hiyo, humo kwenye rekodi, nyuma ya ukuta, kitu kikalia: tiii.

"Ire ni nini?" Spéciose aliuliza.

Nilimwonyesha mita kwa kidole. Ikalia tena, tiii, tiii, na kidole cha Caritas kikaacha kugonga.

"Hirari!" aliita. Hivyo hasa, kwa kuanzia juu. "Hirari, punguza kengere kidogo, mi naregistrer!"

Na kwa mbali, kutoka chumba hiki hiki, sauti ya mwanaume aliyeinama juu ya kitu, mwanaume asiye na haraka yoyote duniani, ikajibu:

"Dakika moja!"

Tiii.

Caritas akasonya. Kisha akacheka, akavuta pumzi, akaanza wimbo upya kutoka mwanzo.

Tuliusikiliza wote, mimi na Spéciose, hatukutazamana. Baadaye nilipika chai, akanywa, tukapanga siku ya kufunga kilio. Akasema viti ataleta yeye. Nikasema sawa, viti ni vyako. Alipofika getini aligeuka akaniita tena jina langu, bila sababu, nadhani kwa kunipa tu, kisha akaenda zake.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilimwandikia Byamungu kwamba mkate umepatikana. Nikarudi mezani, nikakaa, na mkono wangu kwa mazoea ukachukua ncha za mita na waya uliokuwa karibu. Nikaiwasha sauti yake tena. Pumzi, kiti, kikohozi. Akaimba, nami nikagusa waya huku na huku, kengele yangu ikalia pamoja na ile ya zamani, mpaka alipofika pale.

"Hirari, punguza kengere kidogo, mi naregistrer!"

Niliweka ncha chini, nikageuza kitufe, mita ikazimika.

"Nimezima," nilisema.

Kwenye simu, kengele ikaendelea kulia.